Ukienda Kipsing, mdomo wa snokeli uelekee wapi?

Tuseme ukweli: wengi wetu tukiona Land Cruiser yenye bomba lililopanda hadi usawa wa paa, tunadhani ni mapambo ya mabwanyenye. Hata mimi nilidhani hivyo, na nilisomea umakanika miaka miwili kabla niache chuo. Kipsing ndiyo ilinifunza.

Tulitoka Isiolo mjini watu wanne, kwa gari la binamu yangu ambalo amelifanya nyumba: kitanda, jiko, tangi la maji. Barabara ya huko ni vumbi na mchanga wa laga, nasi tukajibandika nyuma ya lori la mbuzi. Kufika Kipsing, gari halina nguvu, ekzosi inatoa moshi mweusi tii. Tulipofungua eyaklina, vumbi lilimwagika kama unga.

Mzee mmoja dereva akacheka. "Vijana, hilo bomba lenu limekula vumbi la lori njia nzima." Akachukua bisibisi, akalegeza klemu, akaugeuza mdomo ukaangalia nyuma.

Najua utabisha: si ukiangalia mbele upepo unaisukumia injini hewa? Ndiyo, lakini kidogo sana. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, msukumo huo ni kama asilimia 0.3 tu ya shinikizo la kawaida la hewa. Na 80 kwenye mchanga wa Kipsing utaiota tu.

Vumbi nalo si mchezo. Injini ya dizeli ya lita 4.2, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 4,000 za hewa kila dakika. Mdomo ukiangalia nyuma, hewa lazima ikate kona ndipo iingie. Chembe nzito za vumbi haziwezi kona hiyo, zinapitiliza. Laini bado zitaingia, kwa hivyo chujio likague kila jioni, na uliye nyuma yake mwachie nafasi.

Kwenye lami, kama ile ya Isiolo kwenda Moyale, rudisha mdomo mbele. Mvua isikutishe kama una mdomo wenye matundu ya kutoa maji. Kama hauna, ugeuze.

Na laga ikijaa? Hapo mwelekeo hausaidii kitu kama viungo vya bomba havijazibwa vizuri hadi kwenye eyaklina. Maji hayabanwi kama hewa. Yakifika kwenye silinda, pistoni inagonga, konrodi inapinda, na safari imeisha. Ngoja maji yapungue.

Sisi tulikuwa tunatembea tu. Gari la yule mzee ndilo huamshwa usiku mama akishikwa na uchungu, na Isiolo iko mbali. Ndiyo maana bisibisi yake haitoki kwenye dashibodi. Nawe beba yako.