Diski Kuukuu Yapata Kazi Mpya

 

Juma lililopita tulisoma habari za seva ya nyumbani. Tulisema kwamba seva ni kompyuta inayotunza picha, barua na hesabu za jamaa, na kuzitoa kwa simu na kompyuta nyingine za nyumba hiyo. Leo tutajifunza kuiongezea ghala. Lakini hatutanunua ghala jipya. Tutatumia diski ngumu iliyotoka katika kompyuta mbovu.

Diski ngumu ni kitu gani? Ni kisanduku cha chuma. Ndani yake mna visahani vinavyozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaosoma na kuandika kwa nguvu ya sumaku. Diski ngumu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na visahani 50, kila kimoja chenye upana wa inchi 24, nayo ilitunza herufi milioni 5 tu. Siku hizi picha moja ya simu yaweza kujaza nafasi hiyo.

Injini ya motokaa ikifa, magurudumu yake yaweza kuwa mazima. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Basi, usiitupe kabla ya kuitazama diski yake.

Kwanza, zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Ikiwa ni kompyuta ya mkononi, toa na betri. Fungua skrubu, utoe diski polepole. Diski yenyewe usiifungue kamwe, maana chembe moja ya vumbi yaweza kuiharibu.

Pili, ipime upana. Diski ya kompyuta ya mezani ina upana wa sentimita 10 hivi. Hiyo hutaka umeme wa volti 12 na volti 5, kwa hiyo nunua kasha lenye waya wake wa umeme. Diski ya kompyuta ya mkononi ina upana wa sentimita 7 hivi. Hiyo hutaka volti 5, na mara nyingi hupata umeme kwa waya ule ule wa USB unaoiunga na seva. Tazama pia mdomo wake. Mdomo wa SATA ni mwembamba kama ulimi; mdomo wa zamani, yaani IDE, una safu mbili za sindano. Chukua diski yako uende nayo dukani, upate kasha linaloingiana nayo.

Tatu, iunge na seva, unakili kila kitu unachokitaka kilichomo, ukiweke mahali pengine. Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Nne, ipime afya. Diski hujiwekea kumbukumbu ya makosa yake, inayoitwa SMART, na ziko programu za bure za kuisoma. Ukiona hesabu ya sehemu mbovu inaongezeka, au ukisikia diski inagonga ko-ko-ko, usiiamini.

Tano, ikiwa ni nzima, iandae upya kwa namna inayotakiwa na seva yako. Seva ya Linux, kwa mfano, hutumia sana namna ya ext4. Kumbuka kwamba kuandaa upya hufuta yote yaliyomo.

Sasa sikilizeni jambo kubwa kuliko yote. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi niliyofanyia kazi, majina ya wanafunzi wazima waliofaulu mtihani wa kusoma yaliwekwa katika diski moja kuukuu, pasipo nakala. Asubuhi moja diski ikaanza kugonga. Kufika adhuhuri ilikuwa kimya. Tulizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani alifaulu, na mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mimi niliandika kwa mkono wangu. Ninyi mlikuwa na kazi gani ila kutunza?" Sikuwa na jibu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya diski huoza. Diski kuukuu ni ghala zuri la nakala ya pili, lakini isiwe mahali pekee pa kitu usichoweza kukipata tena. Iweke mahali pakavu pasipo na jua wala vumbi, na usiitikise inapozunguka. Kabla ya kuichomoa, iamuru seva iiache kwanza.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini hatuifungui diski yenyewe?
2. Diski ya kompyuta ya mezani hutaka umeme wa volti ngapi?
3. Nyumbani kwako, ni karatasi gani au picha gani zenye nakala moja tu?

Swali la tatu lijibuni leo, kabla ya kulala. Kwaherini mpaka juma lijalo.