Kompyuta Katika Chama cha Msingi: Tuhame Hatua kwa Hatua



Vyama vya msingi vingi vinaacha madaftari na kushika kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, na kila chama kinatazamiwa kwenda na mwendo huo. Lililobaki kwa kamati zetu ni kuamua namna ya kuhama bila mkulima kupoteza hata kilo moja ya mazao yake. Shauri letu ni hili: hamisheni kazi moja kwa wakati, na daftari la zamani lisifungwe mpaka hesabu za kompyuta zimethibitishwa.

Kuhama kwa mkupuo kumewashinda hata wakubwa. Mwezi Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake wapatao milioni 5 kwenda kwenye mfumo mpya katika mwisho wa juma mmoja. Hesabu zilifika salama, lakini mfumo ukashindwa kubeba kazi, na wateja wengi wakawa hawawezi kuzifikia fedha zao. Hali ilirejea ya kawaida Desemba mwaka huo, na mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza TSB faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Benki ile ilikuwa na akiba ya kulipia makosa yake. Chama cha msingi kikikosea malipo ya msimu mmoja, wanachama watapeleka mazao kwa walanguzi.

Hatua zinazofaa kufuatwa ni hizi:

(1) Safisheni daftari la wanachama. Kompyuta hupokea makosa kama inavyopokea ukweli. Mtu mmoja huandikwa kwa majina mawili, marehemu huendelea kuhesabiwa hai, na hisa hazilingani na stakabadhi. Kila mwanachama aitwe athibitishe habari zake mbele ya karani. Habari hizo zisitangazwe ovyo, kwani zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

(2) Anzeni na kazi moja. Mapokezi ya mazao yanafaa zaidi, kwa sababu kosa lake huweza kuonekana siku ileile. Mikopo ya pembejeo, makato na leja kuu vifuate msimu unaokuja.

(3) Endesheni daftari na kompyuta sambamba kwa msimu mzima. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo vyama vingi vinapochoka mapema. Kila jioni linganisheni jumla tatu: kilo za daftari, kilo za kompyuta, na kilo zilizomo bohari. Tuseme daftari lasema kilo 2,548 na kompyuta yasema 2,584. Tofauti ni 36. Igawanyeni kwa 9. Isipobaki kitu, yaelekea tarakimu mbili zimebadilishana nafasi wakati wa kuandika. Tafuteni stakabadhi yenye kosa kabla ya kufunga ofisi, maana kilo hizo 36 ni haki ya mtu. Kosa lisifutwe kimyakimya. Lisahihishwe kwa maandishi yanayoonyesha tarehe, sababu na jina la aliyesahihisha.

(4) Gawanyeni madaraka. Anayepima mazao asiwe ndiye anayeidhinisha malipo, na kila mtumishi awe na neno lake la siri. Neno la siri la msimamizi wa mfumo lihifadhiwe katika bahasha yenye lakiri ndani ya kasha la fedha, ili chama kisikwame katibu akiugua au akiacha kazi.

(5) Wekeni nakala. Kumbukumbu zinakiliwe kila siku, nakala ikae nje ya ofisi, na kila mwezi ifunguliwe kuhakikisha inasomeka. Katika chama kimoja madaftari yalifungwa siku ileile kompyuta ilipowashwa. Wiki ya tatu mashine ikaharibika, na nakala haikuwapo. Kamati ikazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya stakabadhi. Waliokuwa wamezipoteza walilipwa mwisho. Kwa hiyo kitabu cha stakabadhi chenye namba za mfululizo kiwe tayari mezani siku zote, umeme uwepo usiwepo.

(6) Someni mkataba wa muuzaji wa programu. Uandikwe wazi kwamba kumbukumbu ni mali ya chama, kwamba zaweza kutolewa zikasomeka katika programu nyingine, na kwamba hitilafu ya wakati wa msimu itatengenezwa ndani ya muda uliotajwa.

Daftari lifungwe lini? Lifungwe pale jumla za kila mwezi zitakapokuwa zimelingana msimu mzima, mkaguzi ameziona, na kamati imeazimia hivyo katika muhtasari wake. Hata hapo madaftari yasichomwe. Yahifadhiwe mahali pakavu, kwani mkaguzi atayahitaji.

Nanyi wanachama, someni stakabadhi zenu mbele ya mizani kabla ya kuzikunja. Kosa linaloonwa hapo husahihishwa kwa dakika moja. Likingoja mkutano mkuu huwa ugomvi.

Makatibu wanaombwa kuyaweka mambo haya mbele ya kamati zao kabla msimu haujafunguliwa.