Kiyoyozi Kisichopoza: Istilahi za Upozaji wa Hewa katika Pikapu

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili jinsi kiyoyozi cha gari kinavyofanya kazi, na kwa nini pikapu iliyo mpya huweza kutoa ubaridi hafifu. Pili, kuyachunguza maneno yatumiwayo kulieleza jambo hilo katika gereji, katika fomu za ofisi na katika tafsiri za vitabu vya maelekezo, ili tuone ni yapi yafaayo na ni yapi yapotoshayo. Mambo haya mawili hayatengani. Mtu asiyeifahamu dhana hawezi kuipa jina lifaalo. Na jina lisilofaa, likishaandikwa katika fomu ya matengenezo, humwelekeza fundi pabaya na kuigharimu ofisi fedha.

Tumeichagua pikapu kwa kuwa ndiyo gari la kazi. Afisa ugani, mganga wa wilaya na mhandisi wa barabara huitumia katika njia za vumbi na jua kali, na aghalabu dereva ndiye pekee anayeweza kueleza kasoro yake. Maneno ya dereva huandikwa na karani, husomwa na afisa usafirishaji, kisha hufika kwa fundi. Katika safari hiyo, neno moja lililolegea laweza kupotea njia mara tatu.

Dhana ya kupoza

Yafaa kwanza tuondoe dhana kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. Baridi si kitu kinachotengenezwa. Ni upungufu wa joto. Kazi ya kiyoyozi ni kulichukua joto lililomo ndani ya gari na kulitupa nje. Kanuni yake inaonekana katika mtungi wa maji. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu unyevu unaopenya kwenye udongo hugeuka mvuke, na mgeuko huo huhitaji joto, ambalo huchukuliwa katika maji yanayobaki. Kiyoyozi hufuata kanuni iyo hiyo, ila hutumia kitu kichemkacho kwa urahisi zaidi kuliko maji. Mathalani, kitu kijulikanacho kama R-134a, ambacho hutumika katika magari mengi, huchemka katika nyuzi 26 za Selsiasi chini ya sifuri kikiwa katika mgandamizo wa kawaida wa hewa.

Kitu hicho huzunguka katika njia iliyofungwa yenye sehemu nne kuu. Ya kwanza ni kompresa, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda. Huvuta mvuke na kuugandamiza, nao hupanda joto. Ya pili ni kondensa, iliyowekwa mbele ya rejeta. Humo mvuke hupigwa na upepo wa nje, hupoteza joto na kugeuka majimaji. Ya tatu ni vali ndogo ambayo majimaji hupenyezwa ndani yake na mgandamizo wake kushuka ghafla. Ya nne ni evapareta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Humo majimaji huchemka, na katika kuchemka huchukua joto la hewa inayopulizwa na feni kuelekea kwa abiria. Mvuke hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Kupuliza na kupoza

Fomu nyingi huandikwa kwa ufupi: “Kiyoyozi ni dhaifu.” Sentensi hii ni sahihi kisarufi, lakini haimwambii fundi chochote. Udhaifu huo ni wa upepo au ni wa ubaridi? Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotofautisha mambo hayo waziwazi, nasi hatuna sababu ya kuviacha. Kiyoyozi kisichopuliza si sawa na kiyoyozi kisichopoza.

Kiyoyozi kisichopuliza hutoa upepo mdogo, hata kama upepo wenyewe ni baridi. Sababu zake hutafutwa upande wa abiria: chujio la hewa lililojaa vumbi, feni iliyochoka, au evapareta iliyozibwa kwa uchafu. Pikapu ipitayo katika njia za vumbi huweza kulijaza chujio hilo mapema kuliko inavyokadiriwa na kitabu cha maelekezo. Upepo unapopungua, evapareta hupoa kupita kiasi, na unyevu wa hewa huweza kuganda juu yake kuwa barafu. Dereva atasema kwamba kiyoyozi kilianza vizuri, kikalegea baada ya mwendo wa saa moja, na kikapona kilipozimwa kwa dakika chache. Maneno hayo ya dereva yana thamani kubwa. Hayafai kufupishwa kuwa neno “dhaifu”.

Kiyoyozi kisichopoza hupuliza kwa nguvu, lakini hewa yake ni ya uvuguvugu. Hapa huchunguzwa kompresa, kondensa, feni ya kondensa, na kiasi cha kitu kinachozunguka. Huchunguzwa pia kilango kidogo ndani ya dashibodi kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi, kwani kikikwama hewa ya moto huendelea kuingia hata kama sehemu nyingine zote ni nzima. Tena, yafaa kuuliza swali moja zaidi: Je, hali ni ile ile gari liendapo na lisimamapo? Likipoza vizuri barabarani na kushindwa lisimamapo, kwanza hushukiwa hewa ipitayo kwenye kondensa, kwa kuwa gari liendapo upepo wa mwendo huifanya kazi ya feni. Tope na wadudu walionasa mbele ya kondensa huweza kuleta kasoro hiyo pasipo kifaa chochote kuharibika.

“Gesi imekwisha”

Usemi uliozagaa kuliko yote katika jambo hili ni kwamba “gesi imekwisha”. Hapana budi tuuchunguze, kwa kuwa una makosa mawili.

Kosa la kwanza limo katika jina. Kitu hicho ni gesi katika sehemu moja ya safari yake na ni majimaji katika sehemu nyingine, na mgeuko huo ndio unaopoza. Jina “gesi” huificha nusu ya dhana. Mwalimu anayefundisha mabadiliko ya hali za maada ataona taabu kueleza kwamba “gesi” imekuwa majimaji, na bado inaitwa gesi.

Kosa la pili, nalo ni kubwa zaidi, limo katika kitenzi. Petroli hukwisha kwa sababu huchomwa. Kitu cha kiyoyozi hakichomwi wala hakiliwi; huzunguka tu. Kikipungua sana, kimevuja. Ni kweli kwamba katika miaka mingi kiasi kidogo hupenya kwenye mipira na viungo, lakini pikapu ya miaka miwili au mitatu iliyopungukiwa hata ikashindwa kupoza ina tundu au kiungo kilicholegea. Kondensa ya magari ya kisasa imetengenezwa kwa aluminiamu nyembamba, tena ipo mbele kabisa, ambapo kokoto huifikia kwanza.

Anayeandika “gesi imekwisha” huomba gesi ijazwe. Hujazwa, hulipiwa, na baada ya majuma machache huvuja tena. Anayeandika “imevuja” huomba mvujo utafutwe na uzibwe kabla ya kujaza. Tofauti ya kitenzi kimoja ndiyo tofauti ya matengenezo ya mara moja na malipo yasiyo na mwisho.

Gharama si ya ofisi peke yake. Kwa makadirio ya miaka mia, kilo moja ya R-134a hupasha hewa ya dunia joto mara 1,430 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo nusu kilo ikivuja, madhara yake ni sawa na ya kilo 715 za kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu mwaka 1987 ulipopitishwa Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, na R-12 ya zamani ikaanza kuondolewa, kazi haikuishia hapo. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakaurekebisha mkataba huo ili vitu vya jamii ya R-134a navyo vipunguzwe hatua kwa hatua.

Kubuni au kutohoa?

Msomaji ataona kwamba tumetumia maneno ya kutohoa, kompresa, kondensa na evapareta, ilhali mizizi ya Kiswahili ipo. Kwa nini tusiseme kigandamizi, kitoneshi na kivukizi? Maneno hayo yameundwa kwa kufuata kanuni za lugha, na katika somo la fizikia huweza kufaa. Katika gari, lakini, mawili ya mwisho yana mtego.

Kitoneshi, kwa maana ya mahali ambapo mvuke hugeuka majimaji, ni kondensa. Lakini dereva akisikia neno hilo, atakumbuka matone ya maji ayaonayo chini ya gari. Matone hayo hayatoki kwenye kondensa. Hutoka kwenye evapareta, ambako unyevu wa hewa ya ndani hushika ubaridi na kudondoka kupitia mpira mdogo. Ni maji matupu, na ni dalili kwamba kiyoyozi kinapoza. Kwa hiyo neno lililokusudiwa kufafanua humpeleka msikilizaji kwenye kifaa kingine. Kivukizi nacho, hasa kwa watu wa pwani, husikika kama kifaa cha kuvukizia udi, na hukumbusha moto na moshi, si ubaridi.

Somo lililomo humu ni pana kuliko gari. Istilahi ya asili hufaa pale mzizi wake unapomwonyesha msikilizaji jambo lile lile analoliona mtaalamu. Mzizi ukimwonyesha jambo jingine, neno la kutohoa, lisilodai maana yoyote ya awali, ni salama zaidi. Neno kompresa, kwa mfano, limekwisha kuzoewa na kila ajazaye upepo katika matairi. Kulibadilisha kungekuwa kuondoa kilichoota mizizi.

Kwa kile kinachozunguka, hata hivyo, tunapendekeza neno la asili: kipozeo. Limetokana na pozea, kama kitegemeo kilivyotokana na tegemea, nalo halisemi kwamba kitu hicho ni gesi au ni majimaji. Lina hatari moja: laweza kudhaniwa kuwa ni maji ya rejeta, ambayo nayo hupoza. Kwa hiyo katika hati liandikwe kwa ukamilifu, kipozeo cha kiyoyozi, kila linapotajwa mara ya kwanza.

Upya wa gari

Afisa huweza kuuliza: Gari ni jipya, kasoro yatoka wapi? Jibu ni kwamba upya umeleta mambo ambayo mazoea ya zamani hayakuyajua. Katika baadhi ya pikapu mpya kompresa hubadili kiasi cha kazi yake kwa amri ya kompyuta, bila ule mlio wa klachi ambao mafundi wamezoea kuusikiliza. Kunyamaza kwake si ushahidi kwamba imekufa. Njia za kipozeo nazo zimekuwa ndogo, na kiasi kinachohitajika, ambacho katika gari dogo aghalabu ni nusu kilo hivi, hupimwa kwa gramu. Kikizidi, ubaridi hupungua kama vile kilivyopungua.

Tena, vipozeo si vya aina moja. Tangu mwaka 2017 Umoja wa Ulaya umekataza R-134a katika magari mapya ya abiria, na magari mengi yanayotengenezwa sasa hutumia R-1234yf. Kipozeo hiki huweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi, na hakipaswi kuchanganywa na kile cha zamani. Aina na uzito wake vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Fomu inayosema “ijazwe gesi”, pasipo kutaja aina wala uzito, ni fomu yenye hatari.

Mapendekezo

Tunapendekeza matumizi yafuatayo katika fomu, tafsiri na mafunzo:

kiyoyozi – mfumo mzima, si kifaa kimoja;
kipozeo cha kiyoyozi – kitu kizungukacho; neno “gesi” libaki katika mazungumzo;
kompresa, kondensa, evapareta – kama zilivyoelezwa hapo juu;
kutopuliza – upungufu wa upepo;
kutopoza – upungufu wa ubaridi;
kuvuja – badala ya “kwisha”, kwa kipozeo kilichopungua.

Mtayarishaji wa fomu atasaidia sana akiacha nafasi ya maswali manne: Kiyoyozi kinapuliza? Kinapoza? Hali hubadilika gari lisimamapo? Kipozeo kilijazwa lini mara ya mwisho, na cha aina gani? Dereva yeyote anaweza kuyajibu, na fundi yeyote ataanza kazi akiwa na majibu mkononi.

Mapendekezo haya si ya mwisho. Wasomaji, hasa walimu wa ufundi na maafisa usafirishaji, wanaombwa kutuletea maneno yatumikayo katika sehemu zao pamoja na sentensi zilimotumika, ili yalinganishwe na haya kabla ya kusanifiwa.