Usiku Mpira Ulipokataa Kuingia

Jumamosi moja jioni nilikuwa jikoni nachambua mchele. Sebuleni baba watoto na wanetu wawili wakubwa walikuwa wakitazama mchezo wa zamani wa mpira wa kikapu wa Marekani. Mabishano yao yalizidi kelele za mchezo wenyewe.

"Mitupo 18, inaingia miwili! Aibu tupu," alisema kifungua mimba wetu.

Baba yake akadakia, "Huyo aliwaangusha wenzake wote. Mtu wa namna hiyo hafai hata kuwabebea maji."

Kitinda mimba wetu, mwenye miaka 13, alikuwa ameketi mkekani. Aliinuka polepole akaenda chumbani. Sikulitilia maanani jambo hilo. Siku mbili baadaye, nilipotoa mashuka yake ili nifue, nilikuta chini ya godoro karatasi ya mtihani wa hesabu imekunjwa mara nne. Alikuwa amepata 22 kwa 100. Nilipomwuliza kwa nini aliificha, aliinamisha kichwa akasema, "Mama, vile walivyomsema yule mchezaji..." Hakumaliza.

Mama mwenzangu, usiku huo sikupata usingizi mapema. Kesho yake nilimwomba baba watoto anisimulie habari za mchezaji huyo tangu mwanzo. Nami sasa nakusimulia wewe.

Aliyetoka kufungasha bidhaa

Jina lake ni John Starks. Alizaliwa mwaka 1965 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, akalelewa na mama na bibi yake. Alizunguka vyuo kadhaa, na mwaka 1988, timu kubwa zilipochagua wachezaji wapya, yeye hakuchaguliwa na timu yoyote. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi katika duka kubwa la vyakula, akiwafungashia wateja bidhaa kwenye mifuko.

Mwaka 1990 alipata nafasi ya kujaribiwa na timu ya New York Knicks. Mazoezini alijaribu kumrukia Patrick Ewing, jitu la timu hiyo, ili atumbukize mpira juu ya kichwa chake. Alianguka akaumia goti. Kwa kanuni za ligi, timu haikuweza kumwacha akiwa majeruhi, hivyo alibaki. Kufikia mwaka 1994 alikuwa amechaguliwa katika kikosi cha nyota wa ligi. Hata mbuyu ulianza kama mchicha.

Usiku wenyewe

Mwaka huo wa 1994 Knicks walifika fainali dhidi ya Houston Rockets. Watu wa New York walikuwa hawajaonja ubingwa tangu mwaka 1973. Bingwa ni yule anayetangulia kushinda michezo minne, na Knicks walikuwa wameshinda mitatu kwa miwili.

Katika mchezo wa sita Starks alifunga pointi 27. Zikiwa zimebaki sekunde chache alitupa mpira ambao ungeleta ubingwa, lakini Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos nchini Nigeria, aliugusa kwa ncha za vidole. Houston walishinda 86 kwa 84.

Mchezo wa saba ulichezwa Juni 22, 1994. Usiku huo Starks alitupa mara 18 akafunga mara 2. Katika hiyo, mitupo 11 ilikuwa ya mbali, ile ya pointi tatu, na hakuna hata mmoja ulioingia. Houston walishinda 90 kwa 84. Ukihesabu, utaona kwamba mitupo miwili tu ya mbali ingetosha kuzifanya timu zilingane.

Washabiki wanavyobishana

Tangu siku hiyo mabishano hayajaisha. Wako wanaosema kwamba alikuwa mkaidi. Alipoona mkono umekataa angewapasia wenzake, lakini yeye aliendelea kutupa hadi mwisho. Hao wana hoja, kwani hesabu ni hesabu.

Wengine hujibu kwamba bila yeye Knicks wasingefika huko. Wanakumbusha kwamba mwezi Machi mwaka huohuo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Wanataja pia kwamba Ewing mwenyewe, nguzo ya timu, katika fainali zile alifunga chini ya asilimia 40 ya mitupo yake. Kwa nini basi lawama zote zimwangukie mtu mmoja?

Kundi la tatu humtazama kocha, Pat Riley. Kwenye benchi alikuwapo Rolando Blackman, mtupaji mzoefu aliyekuwa amecheza ligi hiyo zaidi ya miaka kumi. Usiku ule hakuingizwa hata dakika moja. Miaka mingi baadaye Riley mwenyewe alikiri kwamba kutomwingiza Blackman lilikuwa kosa lake.

Tunapima kwa mizani ipi?

Baba watoto aliponieleza hayo, mwanetu wa pili aliongeza neno lililonishangaza. Juni 17, 2010, katika mchezo mwingine wa saba wa fainali, marehemu Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers alitupa mara 24 akafunga 6 tu. Ni kweli kwamba alipigana kwa njia nyingine, akanyakua mipira 15 iliyogonga chuma na kurudi. Lakini Lakers waliishinda Boston 83 kwa 79, naye akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Ni wachache wanaozitaja zile 18 alizokosa.

Je, huoni kwamba mara nyingi hatumpimi mtu kwa alichotenda, bali kwa jinsi mambo yalivyoishia? Mtoto akifeli tunasema ni mvivu. Akifaulu kwa bahati tunasema ana akili. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Desturi ya wodini

Katika kazi yangu ya uuguzi nimemwona Starks mara nyingi, isipokuwa amevaa sare nyeupe. Muuguzi kijana anatafuta mshipa wa mgonjwa ili atundike dripu. Anachoma, anakosa. Anachoma tena, anakosa. Sasa jasho linamtoka na mkono unatetemeka. Kila akikosa anazidi kutaka kuchoma ili afute aibu, na anayeumia ni mgonjwa.

Kwa hiyo tuna desturi: ukikosa mara mbili, mwite mwenzako. Kumwita mwenzako si kushindwa kazi. Kesho utachoma na kupata, na pengine yeye ndiye atakayekosa. Lakini desturi hii hufaa ikiwa tu wodi ina watu wasiocheka. Nakiri kwamba miaka ya nyuma nilimsema binti mmoja mbele ya wagonjwa kwa sababu alikosa mshipa. Tangu siku hiyo hakuniita tena hata alipohitaji msaada. Alichoma mara nne, mara tano, kimyakimya. Ulimi wangu ndio uliomfundisha kuficha.

Nyumbani kwetu

Ndivyo ilivyokuwa kwa karatasi iliyokuwa chini ya godoro. Sisemi kwamba tusiwakosoe watoto au waume zetu. Alama 22 ni chache na lazima zisemwe. Lakini kuna mambo matatu niliyojifunza, nami nakuachia uyapime.

Kwanza, taja kosa, usimtaje mtu kuwa ndiye kosa. "Hesabu hizi umezikosa" ni neno linalorekebishika. "Wewe hufai" halina dawa.

Pili, jiulize kocha alikuwa wapi. Nilipofungua madaftari ya mwanangu niliona kwamba tangu walipoanza sehemu na desimali alikuwa amepotea, na ni wiki sita mimi na baba yake hatukuwa tumeyagusa.

Tatu, chunga unavyowasema walio mbali. Starks hakutusikia. Aliyetusikia alikuwa mkekani.

Baba watoto alipoiona ile karatasi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha alimwita mtoto na kumsimulia jinsi habari ya Starks ilivyoendelea. Msimu uliofuata, Starks alifunga mitupo 217 ya pointi tatu, akawa mchezaji wa kwanza katika ligi hiyo kupita 200 kwa msimu mmoja. Ni kweli kwamba mwaka huo mstari ulisogezwa karibu, lakini ulisogezwa kwa wote. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Alipoacha kucheza, alirudi kufanya kazi katika klabu hiyohiyo ya New York.

Siku hizi, kila jioni baada ya chakula, baba na mwana huketi mezani na daftari la hesabu. Mtihani uliofuata mwanangu alipata 41. Bado ni chache. Lakini karatasi hiyo aliileta mwenyewe, akaniwekea juu ya meza nikiwa bado navua viatu vya kazini.