Je, Wajua? Korosho za safari ndefu

Korosho iliyobanguliwa na kukaangwa ina maji kidogo mno, na zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta. Ndiyo maana hushibisha haraka na kuvumilia joto la gari kutoka Newala au Masasi hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Bibo, yaani tunda la mkorosho, tamu lakini lenye ukakasi, huanza kuchacha ndani ya siku moja tu. Hilo huliwa shambani.

Kinachoiharibu korosho ni hewa na mwanga: mafuta yake hugeuka harufu. Kopo lenye mfuniko wa kubana huifaa kuliko karatasi. Watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe korosho nzima, hasa gari likiwa linarukaruka, kwani huweza kuwapalia.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, abiria wa njia hiyo walivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na foleni ilipokuwa ndefu kikapu cha chakula kilikwisha mapema. Siku hizi shida ni kiu zaidi kuliko njaa, na korosho za chumvi huizidisha. Za familia zikaangwe bila chumvi.