Nani Atakuona Ukikosea?

Chukua kundi la WhatsApp la walimu wa hisabati wa shule za msingi, saa tatu usiku, vyombo vimeshaondolewa mezani na bando la siku linakaribia kwisha. Mwalimu mmoja anatuma picha ya daftari. Mtoto ameambiwa ajumlishe 1/2 na 1/3, naye ameandika 2/5. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wala hakushtuka kwamba ameongeza kitu juu ya nusu na jibu likatoka pungufu ya nusu. Majibu yanaingia ya namna mbili. Kwanza linatua faili la PDF lenye maandalio ya masomo ya muhula mzima, linapigiwa vidole gumba na kusahaulika kabla ya alfajiri. Kisha mtu anauliza: “Mwalimu, ulimuuliza hiyo mbili ameipataje?” Swali hilo halishangiliwi na mtu. Hata hivyo, katika mazungumzo yote ya usiku ule, ndilo lililomfikisha mwalimu mahali alipokwama mwanafunzi wake.

Tofauti kati ya lile faili na lile swali ndiyo inayoamua, kwa maoni yangu, kama mitandao ya kijamii inatufundisha au inatupumbaza tu. Inafundisha pale ambapo yupo mtu anayeiona kazi yako na kukuambia ulipokosea. Kwingineko inatuonyesha mambo, nasi tunadhani kuonyeshwa ndiko kujua.

Waswahili wana neno mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa kukaa na fundi. Mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza wanagenzi wa aina hiyo kwa mafundi cherehani wa Liberia, na mwaka 1991, pamoja na Etienne Wenger, akachapisha kitabu ambacho wataalamu wa elimu wanakirejea hadi leo. Alichokuta ni kwamba wanagenzi hawakuanza pale nguo inapoanzia. Walianzia mwishoni: kutia vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi. Baadaye wakashona, na mwisho kabisa ndipo wakakabidhiwa mkasi. Ukitafakari utaona busara yake. Kifungo kilichokaa upande hufumuliwa kikatiwa upya, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara tupu. Mwanagenzi alipewa kwanza makosa ya bei nafuu, na muda wote huo fundi alikuwa karibu, akitupia jicho.

Mitandao imetupa nusu ya mpango huo, nayo ni nusu kubwa. Kijana wa Mwanza anayetaka kuchomelea mageti anaweza kutazama mikono ya mafundi wa nchi kumi kabla ya chakula cha mchana. Zamani mlango huo ulifunguliwa kwa undugu, kwa ada au kwa kufagia karakana miaka miwili. Sioni sababu ya kuibeza neema hiyo. Kilichokosekana ni lile jicho. Kijana anamwona fundi, ila fundi hamwoni kijana.

Pengo hilo lina madhara yanayopimika. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti kuhusu watu wanaotazama video za vitendo: kurusha vishale, kucheza ile dansi ya Michael Jackson ya kurudi nyuma kama anateleza, kuchomoa kitambaa cha meza bila vyombo kuanguka. Wengine walitazama mara moja, wengine mara 20. Waliotazama sana walijiamini zaidi kwamba wataweza. Walipojaribiwa kwa vitendo, katika vishale na katika dansi, hawakuwashinda wale waliotazama mara moja. Mwanafunzi aliyewahi kuitikia kwa kichwa video nzima ya aljebra, kisha akaduwaa mbele ya karatasi tupu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote unatoka Botswana, tena kwa simu za kawaida kabisa. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, watafiti walizigawa kaya zaidi ya 4,500 katika mafungu. Fungu moja lilipokea kila wiki ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu. La pili lilipokea ujumbe uleule, kisha mkufunzi akapiga simu na kukaa na mtoto dakika chache wakilifanya swali pamoja. Fungu jingine halikupewa kitu. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana. Ulipofuatwa na simu, watoto walisonga mbele waziwazi. Jaribio hilo lilirudiwa katika nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwamo, na simu ya mwalimu ikathibitisha tena thamani yake. Maswali yalikuwa yaleyale. Kilichoongezeka ni mtu wa kumsikiliza mtoto anavyofikiri.

Atainuka mwalimu wa kijijini aniambie kwamba nadharia hizi ni za watu wenye nafasi. Ana darasa limefurika, vitabu havitoshi, na tangu Januari 2024 Tanzania imeanza kutekeleza mtaala mpya ambao naye anausoma usiku kabla ya kuufundisha asubuhi. Kwake ile PDF ni mkombozi. Nakubaliana naye, na asione haya kuichukua. Lakini andalio lililoandikwa Njombe halijui kwamba darasa lake la Kilwa lilikwama kwenye hesabu za sehemu tangu mwaka jana. Tanzania yenyewe, katika mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, haikuishia kwenye kugawa mafaili. Imetaka walimu wakutane shuleni katika jumuiya za ujifunzaji, wazungumzie masomo yao wenyewe.

Wengine, wakiona mitandao ikitumika pia kuuza majibu ya mitihani, watasema dawa ni kuifunga tu. Kenya ilijaribu: mwezi Novemba 2024, mtihani wa kidato cha nne ukiendelea, Telegram ilizimwa kwa agizo la mamlaka ya mawasiliano ili kuzuia biashara ya mitihani. Siwalaumu, maana wazazi walikuwa wanauziwa karatasi, nyingi zikiwa feki. Ila kufunga namna hiyo huwagusa pia walimu wanaosahihishiana kazi humohumo, na soko la majibu hufuata wateja popote wanapohamia.

Pingamizi gumu zaidi ni la aibu. Nani ataweka kosa lake mbele ya watu mia nane, mwalimu mkuu na afisa elimu kata wakiwamo? Hakuna. Ndiyo maana makundi makubwa hujaa pongezi, vyeti vya semina na picha za keki, na LinkedIn husomeka kama harusi isiyoisha. Mwaka 2022 peke yake WhatsApp ilipandisha idadi ya wanakundi kutoka 256 hadi 512, kisha 1,024, na maadmini wengi wakaona wamepewa zawadi. Kwa matangazo, sawa. Kwa kujifunza kazi ni hasara, kwa sababu jicho la fundi haliwaenei watu elfu. Watu wanane wanaofahamiana kwa majina wanaweza kuambiana ukweli bila kuumbuana. Humo pia ni rahisi kukumbushana kwamba jina la mtoto kwenye daftari lifunikwe kabla ya picha kutumwa. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya 2022, hazikumsahau mwanafunzi.

Kwa hiyo, ndugu admini, lile kundi kubwa liache liendelee na matangazo yake. Fungua lingine la watu wanane wa somo moja, na uweke sharti moja tu: asitume mtu faili kabla hajatuma picha ya kazi iliyomshinda. Anza wewe.