Tumfundishe Mtoto Kujua Zaidi na Pungufu

Watoto wetu ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu, na katika haki zao juu yetu ni kufundishwa elimu ya dini na ya dunia. Hesabu imo katika elimu hiyo, kwani bila ya hesabu hatuwezi kutoa Zaka, wala kugawa mirathi, wala kupima kwa uadilifu.

Sisi tunaosomesha wadogo twaona kwamba wengi wao wamefundishwa kutoa kwa maana ya kuondoa tu: ulikuwa na tende 9, umekula 6, zimebaki 3. Hilo ni sawa, lakini halitoshi. Mwulizeni mtoto huyo: Amina ana tende 9, Saidi ana 6, je, Amina amemzidi Saidi kwa tende ngapi? Huenda akajibu 9, au akajumlisha akasema 15. Asikaripiwe. Hakuona kitu kilicholiwa wala kilichoondolewa, basi hajui kwa nini atoe.

Njia yake ni nyepesi. Chukueni kokwa za tende, mzipange safu mbili juu ya mkeka: 9 juu, na 6 chini yake, kila kokwa ielekeane na mwenzake. Kokwa 6 za safu ya juu zitapata wenzi, na 3 zitabaki bila ya mwenzi. Hizo 3 ndizo tofauti. Kisha mtoto aziondoe katika safu ya juu zile zenye wenzi, naye atajionea kwamba 9 kutoa 6 ni 3. Tumetoa kilicho sawa ili kionekane kilichozidi. Na azoezwe kusema pande zote mbili: Amina amezidi kwa 3, Saidi amepungukiwa kwa 3; tofauti ni ile ile moja.

Akishafahamu, apewe mifano ya mambo anayoyajua. Surat An-Nas ina aya 6, Al-Ikhlas ina 4. Ipi imezidi, na kwa ngapi? Aliye mkubwa zaidi aulizwe juu ya mwaka wa jua wenye siku 365, na mwaka wa mwezi mwandamo ambao kwa kawaida una siku 354. Tofauti ni siku 11, na ndiyo sababu Ramadhani hutangulia kwa kadiri hiyo kila mwaka katika kalenda ya miladi.

Msidhani kuwa haya ni mchezo wa kokwa. Mtu akilipia kilo 10 za mchele akapewa 8, zile 2 ni haki yake iliyozuiliwa. Surat Al-Mutaffifin imewaonya vikali wenye kupunja vipimo. Mtoto ajuaye tofauti hapunjiki kwa urahisi. Na lililo bora zaidi, akija kushika mizani yeye mwenyewe, atajua kiasi cha haki ya mwenzake iliyo mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa waadilifu. Amin.